Scrabble: achana na neno la herufi 45

Kaka, umeuliza ukariri maneno gani marefu ya Kiingereza kabla ya Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete za herufi, ya Jumamosi hapo South B. Lile la herufi 45, la ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la volkano, liache liende zake. Ubao una miraba 15 kwa 15, basi. Floccinaucinihilipilification, yaani kuliona jambo halina thamani yoyote, lina 29. Hilo ni la kutambia watu kwenye matatu.

Utamu uko kwenye maneno ya herufi 7 na 8, maana ukimaliza kete zako zote 7 kwa mkupuo unaongezewa pointi 50. Chukua muzjiks, wakulima wa Urusi ya zamani. Fungua nalo mchezo, Z ikae kwenye mraba unaozidisha pointi za herufi mara mbili: kete zenyewe zina pointi 29, Z inaongeza 10, ni 39, nyota ya katikati inazidisha mara mbili, 78, tia na zile 50. Pointi 128 kabla mwenzako hajagusa ubao! Quixotry, tabia ya kukimbilia ndoto zisizowezekana, lilimpa Michael Cresta pointi 365 kwa zamu moja huko Marekani mwaka 2006.

Syzygy, jua, mwezi na dunia kujipanga mstari mmoja, ni tamu ila lina Y tatu na mfukoni zimo mbili tu. Bila kete tupu, ile isiyo na herufi inayosimama badala ya herufi yoyote, usiliwazie. Na mkubaliane mapema mnatumia kamusi gani, la sivyo jioni nzima ni kubishana.