Kwa nini mji wa Iringa uko mlimani na Kalenga iko bondeni

Ndugu, umeuliza kama jengo la zamani kama Boma la Iringa lina maana yoyote kwetu, ilhali lilijengwa na Wajerumani. Lina maana, ila huwezi kuisoma kwa kulitazama Boma peke yake. Anza na jina la mji: linatokana na neno la Kihehe «lilinga», yaani ngome, na ngome inayokumbukwa ni ile ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kule Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, ambayo Wajerumani waliibomoa kwa mizinga mwishoni mwa Oktoba 1894. Baada ya hapo hawakukaa Kalenga; walijenga kituo chao juu ya kilima, na ndiko mji ulipokulia. Kwa hiyo mji umechukua jina la ngome, lakini si mahali pake.

Ukifika Kalenga leo utakuta jumba dogo la makumbusho, na ndani yake fuvu la Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limewekwa kwenye sanduku la kioo. Wageni wengi hulipiga picha na kuondoka (nami nilifanya hivyo mara ya kwanza), bila kutembea nje hatua chache kuona jinsi ardhi ilivyo tambarare na kuelewa kwa nini palihitajika ukuta. Boma nalo limekuwa makumbusho tangu 2016. Nenda kote kuwili siku hiyohiyo, ukianzia Kalenga.