Barua kwa mwanangu: Bismillahi ya sauti na Bismillahi ya kimya

Ujiji, Kigoma

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mwanangu,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Unasema imamu wa msikiti ulio jirani nawe hapo Tabora akishapiga takbira anaingia moja kwa moja kwenye Alhamdulillahi, Bismillahi huisikii. Mwenzako kakwambia swala hiyo haisihi, uhame msikiti. Unaniuliza ufanyeje.

Usihame, baba.

Sisi ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Imamu Shafii anaihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya Fatiha, sura inayofungua Qurani, ndiyo maana magharibi, isha na alfajiri tunaisoma kwa sauti. Imamu Abu Hanifa aliona isomwe kwa siri, na Imamu Malik aliona katika swala ya faradhi isisomwe. Wote wanakubali Fatiha ina aya 7. Asiyeihesabu Bismillahi huigawa ile ya mwisho, akasimama kwenye "an'amta alayhim". Sahaba Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10, amepokewa akisema alisali nyuma ya Mtume, Abubakar, Umar na Uthman, nao walianza kwa Alhamdulillahi Rabbil alamin. Mashafii wana majibu yao juu ya hadithi hiyo, na mimi naona yana nguvu. Lakini imamu wako hajazua jambo. Wewe maamuma, unayesali nyuma ya imamu, soma Fatiha yako kwa siri, na Bismillahi yake.

Nakwambia hivi kwa sababu nilipokuwa na umri wako niliwahi kuvunja jamaa, swala ya pamoja, kwa jambo hili hili. Msikiti mmoja hapa mjini ulipata imamu wa kusoma kimya. Tukatoka watu wanne tukasali barazani kwa jirani. Bibi yako alipopata habari aliniita jikoni. "Hiyo Bismillahi mnayoigombania, Rahmani na Rahimu zinatofautianaje?" Nilikwama.

Madrasa tulikaririshwa: Mwenye neema kubwa kubwa na neema ndogo ndogo. Wanazuoni wengi husema Rahmani ni rehema inayomfunika kila kiumbe, anayemwamini na asiyemwamini, na Rahimu ni ile inayowahusu waumini. Ila kilichonikata maini nilikuja kukisoma baadaye. Majina yote mawili yanatoka shina moja na neno rahim, yaani tumbo la uzazi. Katika hadithi kudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume, Mwenyezi Mungu anasema Yeye ni Rahmani, ameuumba udugu wa tumbo na kuupa jina litokalo katika jina Lake. Mwenye kuuunga atamuunga, na mwenye kuukata atamkata. Sisi tulikuwa tumekata jamaa kwa kugombania neno ambalo asili yake ni tumbo la mama. Na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa ananiuliza, mkononi ana mwiko.

Tazama tena maana ya Bismillahi, "kwa jina la Mwenyezi Mungu". Sentensi haijaisha, kitendo hakikutajwa. Wafasiri wanasema kila mtu hukijaza kwa lile analolianza: nasoma, nakula, nasafiri. Jioni pale Kibirizi wavuvi wakisukuma mtumbwi majini hutamka Bismillahi, wakakijaza kwa mabega yao. Mimi leo nimekijaza kwa barua, kama Nabii Sulayman alipomwandikia malkia wa Sabaa. Hiyo imo katika Surat Naml, aya ya 30. Sura 113 huanza na Bismillahi, Tauba peke yake haianzi nayo, na hiyo ya barua ndiyo inayotimiza 114. Ya Tauba tutaiongea ukija, inataka muda.

Huyo mwenzako usibishane naye. Mwalike chakula, mle sahani moja, Bismillahi mtaisema wote.

Mama yako anakusalimu. Dagaa nimekutumia kwa treni, mfuko mmoja. Nusu mpelekee imamu, mwambie ni salamu kutoka Ujiji.

Baba yako