Picha za vinyonga wa Amani zinatoka na ukungu

Pole ndugu, unasema picha zako za vinyonga wa msitu wa Amani, kule Muheza, Tanga, hazitoki kali. Si kosa lako: ukishika kamera kwa mkono, lenzi ya milimita 300 hutaka shata (kifunguo cha mwanga) ya 1/300 ya sekunde au kasi zaidi, na chini ya miti ya Amani slaidi (filamu ya picha za kuangaza ukutani) ya ISO 100, yaani isiyoshika mwanga upesi, haikupi hiyo. Beba stendi ya miguu mitatu na waya wa kufyatulia. Kinyonga hana haraka, hata 1/30 yatosha upepo ukitulia.

Slaidi haisamehe mwanga ukizidi. Pima sehemu inayong'aa zaidi, ongeza mwanga stopu moja na nusu (kila stopu huzidisha mwanga mara mbili), basi.

Lenzi haishiki vizuri kitu kilicho karibu? Weka pete ya kurefusha kati yake na kamera.

Filamu isiachwe garini Muheza juani, rangi huharibika. Na usivunje matawi. Ile ni hifadhi, lipia kibali kwanza.