Dada wa Ahero, usilipe mabua ya gugumaji kabla hujayapima

Usimtumie huyo kijana anayekuuzia mabua pesa. Katika ujumbe wako umeuliza mambo manne kwa mpigo: kila mmoja wetu aliingiaje katika kazi ya kusuka, mtu ajifunzie wapi, rangi gani hushika kwenye gugumaji, lile gugu linaloelea Ziwa Victoria, na kikapu kiuzwe bei gani. Lakini katikati ya maswali hayo umetaja, kama jambo la kupita tu, kwamba una oda ya vikapu thelathini, kwamba unataka kuanza mwezi huu wa Aprili, na kwamba kuna kijana wa ufukweni atakayekuletea mafungu hamsini ya mabua "yaliyokaushwa siku tatu". Hapo ndipo chai iliponipalia.

Mimi niliingia katika kazi hii kwa kudai deni. Nilikuwa seremala pale Kibuye, Kisumu, na mama mmoja wa Dunga, ufukweni mwa ziwa, alikuwa akiniagizia fremu tupu za viti ambazo yeye huzivika msuko wa gugumaji. Alikuwa akinilipa kidogo kidogo, kwa hiyo jioni nyingi nilikuwa uani kwake nikisubiri, na kwa kuwa hakupenda kuona mwanamume mzima amekaa akitazama kuku, alinitupia mabua matatu akaniambia, "Fundi, suka hapo." Deni likaisha, nami sikuondoka. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na kila mtu akawa anatafuta kikapu, nilijiona nimekwisha kuwa bingwa, nikachukua oda yangu mwenyewe bila kumshirikisha yule mama: vikapu arobaini vya nguo chafu, vyenye vifuniko, kwa hoteli moja ya mbali, kila kimoja shilingi 1,500, na nusu ya fedha nikapewa mkononi.

Ilikuwa Aprili, kama wewe. Mchuuzi akaniletea mafungu 60 kwa shilingi 150 kila moja, akaapa kwa jina la mama yake kwamba yamepigwa jua siku tatu na kwamba unyevu kidogo niliouhisi ni mzuri kwa sababu "bua lililokauka sana huvunjika". Tatizo la uongo huu ni kwamba umechanganywa na ukweli. Ni kweli kwamba msusi huyalowesha mabua kidogo kabla ya kusuka ili yawe laini, lakini huyalowesha juu juu mabua ambayo ndani yamekwisha kukauka kabisa, na unyevu huo wa juu hupotea siku hiyo hiyo. Unyevu wa mchuuzi ni ule ambao haujawahi kutoka. Zaidi ya tisa ya kumi ya uzito wa gugumaji bichi ni maji, na ndani ya bua kuna nyama kama sifongo, yenye vyumba vingi vya hewa, ambavyo ndivyo huufanya mmea uelee. Ngozi ya nje hukauka upesi, ikawa ya kahawia na ya kuvutia, huku sifongo ya ndani ikiendelea kushika maji, hasa kwenye ncha nene ya chini. Ukiligusa bua unagusa ngozi tu, na ngozi haina habari za ndani.

Nilisuka pamoja na wenzangu watatu kwa siku kumi na sita. Kwa kuogopa mvua ya njiani, nilivifunga vikapu vyote ndani ya karatasi ya plastiki ya wajenzi, jambo ambalo hadi leo mke wangu hulisimulia wageni kila ninapojifanya mwerevu, kwa maana kitu kibichi ukikifungia ndani ya plastiki, tena juani, umekivundika kama ndizi. Kabla ya kuvifunga nilikuwa nimevipaka vanishi, na hili silijutii peke yangu, kwa sababu nilifundishwa na mkufunzi wa semina ya siku mbili, mtu mwenye projekta na viatu visivyowahi kukanyaga tope la ziwa, ambaye alituambia kwamba vanishi "huua kuvu". Vanishi haikuua chochote. Ilifunga maji ndani, kuvu ikapata nyumba yenye dari. Nilipomuuliza siku ile ya semina tunajuaje kwamba bua limekauka, alijibu kwamba kazi ya mikono haihitaji mizani, ukumbi ukacheka, nami nikacheka nao. Natamani nirudishiwe kicheko kile.

Wiki tatu baadaye hoteli iliniita. Vikapu vilikuwa na madoa ya kijivu hadi ndani, vilinuka kama bwawa la kambare, na kwa kuwa mabua yaliendelea kunywea yakiwa yamekwisha kusukwa juu ya fremu za mbao zisizonywea, msuko ulikuwa umefunguka mapengo ya kupitisha kidole, na vifuniko vikatumbukia ndani. Kimoja kilikuwa kimeota kitu kama uyoga. Nilipendekeza kiuzwe jikoni, hawakucheka. Walitaka amana yao, shilingi 30,000, ambayo sehemu yake kubwa nilikuwa nimeitumia hivi: 9,000 kwa mabua, 8,000 kwa wasusi, 3,200 kwa vanishi na 3,500 kwa gari la kupeleka. Gari la kurudisha lilikuwa 3,500 nyingine. Nikaiuza randa yangu ya umeme, ndiyo iliyokuwa ikinilisha kabla sijajua kusuka. Mchuuzi nilipompata alisema nililaza mzigo mahali pabaya.

Fungu moja lilikuwa limebaki kwangu bila kusukwa. Kwa hasira nililipeleka kwa jirani yangu muuza mahindi nikalipima: kilo 2.1. Nikalifungua, nikayatandaza mabua juu ya matundu ya wavu, si chini, nikawa nayageuza na kuyaingiza ndani kila jioni kabla ya umande. Baada ya siku kumi na mbili lilikuwa kilo 1.3, na halikushuka tena. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 150 nilinunua maji ya zaidi ya shilingi 50, mimi ninayeishi kando ya ziwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sitaki kusikia kwamba mabibi zetu hawakuwa na mizani: pima fungu leo, lianike, pima kesho na keshokutwa, na usisuke hata bua moja hadi uzito ubaki ule ule siku mbili mfululizo. Yule mama wa Dunga hapimi, ni kweli; yeye hulikunja bua karibu na sikio na kuusikiliza mchakarisho wake, lakini sikio hilo ana miaka mingi nalo, na wewe una oda ya wiki ijayo. Kwangu mabua ya Januari huchukua siku saba hadi kumi. Ya Aprili yamewahi kuchukua wiki tatu. Mteja asiyeweza kusubiri mwambie hivyo mapema, akikasirika ni nafuu kuliko kukurudishia mzigo.

Ikiwezekana, nenda ufukweni ukachague mwenyewe. Mabua marefu na membamba hutoka pale magugu yaliposongamana. Yaliyoelea kwa nafasi huwa mafupi yenye vitumbo, hayafai msuko. Lichane moja uone kama lina vijia vya fukusi, wale wadudu walioachiliwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1990 ili kulipunguza gugu hili, kwa sababu viwavi wao hutoboa ndani ya bua na bua hilo litakukatikia mkononi. Usiingie majini peke yako, maana chini ya magugu kuna konokono wa kichocho, na kiboko hapigi hodi.

Mambo ya rangi nitayafikia. Kwanza mwambie huyo kijana akuletee fungu moja tu, ulipime leo mbele yake, kisha uandike hapa uzito wa leo na wa Ijumaa. Tukishaziona namba hizo mbili ndipo tuzungumze habari ya mafungu mengine arobaini na tisa.