Daktari Anajibu: Homa Iliisha, Mbona Nguvu Hazijarudi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi ya msingi, nina miaka 41, naishi Ilala katika nyumba ya ghorofa ya tatu. Miezi mitano iliyopita nilipimwa nikakutwa na UVIKO-19. Sikulazwa; homa iliisha baada ya siku chache nikarudi kazini. Tangu hapo, nikipanda ngazi moyo unanienda mbio, nasahau majina ya wanafunzi niliokaa nao miaka miwili, na nikifua na kupiga deki Jumamosi, Jumatatu siwezi kuinuka kitandani. Picha ya kifua ilitoka safi. Mume wangu ananihimiza nifanye mazoezi ili mwili uzoee, na wifi yangu anasema nadeka. Je, corona bado imo mwilini mwangu?
Mwalimu, Ilala

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hudeki. Hali hii huitwa UVIKO wa muda mrefu (kwa Kiingereza, long COVID), na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake rasmi: dalili ambazo kwa kawaida huonekana ndani ya miezi mitatu tangu maambukizi, zikadumu angalau miezi miwili, na zisiwe na maelezo ya ugonjwa mwingine. Shirika hilo hukadiria kwamba takriban watu 6 katika kila 100 walioambukizwa hupatwa nayo, na miongoni mwao wamo wengi ambao, kama wewe, hawakulazwa hata siku moja. Kuhusu hofu yako, watafiti wanachunguza njia kadhaa, zikiwemo mabaki ya kirusi, kinga ya mwili ambayo haijatulia, na hitilafu katika mishipa ya fahamu inayoongoza mapigo ya moyo. Lakini uchovu huu wenyewe hauambukizi, kwa hiyo usiogope kuwakumbatia watoto wako. Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha wala dawa moja ya kuuondoa, na picha safi ya kifua haimaanishi kwamba hauumwi.

Hata hivyo, maneno "ugonjwa mwingine" nayachukulia kwa uzito, kwa sababu katika jiji letu ni rahisi kuisingizia corona kosa la mwenzake. Nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu, sukari, presha, virusi vya UKIMWI na, ikiwezekana, tezi ya shingo. Na kama unakohoa kwa wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku au unapungua uzito, upimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu hata kama picha ilikuwa safi. Mwombe pia muuguzi akuhesabie mapigo ya moyo ukiwa umelala kwa utulivu, kisha usimame na ahesabu tena mara kadhaa ndani ya dakika kumi. Yakiongezeka kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki juu, mwambie daktari, kwa kuwa hali hiyo ina matibabu yake.

Katika barua yako, kilichonishtua zaidi ni ile Jumamosi na Jumatatu. Mwili unaodai malipo ya kazi siku moja au mbili baadaye, badala ya palepale, ni alama inayojulikana ya ugonjwa huu, na kwa mgonjwa wa namna hiyo ushauri wa mume wako, ingawa ameutoa kwa mapenzi, unaweza kumzidishia maradhi. Usiongeze mazoezi kwa sasa. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika ulichofanya na ulivyojisikia hadi siku ya tatu yake, utaona mpaka wako ulipo. Kisha uishi chini kidogo ya mpaka huo, hata siku unayojisikia vizuri, kwani siku hizo ndizo zinazowaponza wengi. Nguo zifuliwe kidogo kidogo, deki apige mwingine (wifi, kwa mfano), vitunguu uvimenye ukiwa umekaa kwenye kigoda, darasani ufundishe umekaa, na pumzika kabla hujachoka. Kunywa maji ya kutosha hasa miezi ya joto ya Januari na Februari, maana joto hutanua mishipa ya damu na kuufanya moyo ukimbie zaidi unaposimama.

Ikibidi kukaa nyumbani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi uwe na cheti cha daktari.

Wengi hupata nafuu, baadhi baada ya miezi na wengine baada ya mwaka au zaidi, kwa kupanda na kushuka. Lakini ukipata maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi ukiwa umetulia, kuzimia, au kuvimba mguu mmoja, usisubiri. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Dokta, nauza chipsi Mbagala. Tangu niugue corona, vitunguu vikikaangwa vinaninukia kama uozo. Nimejifukiza nyungu mpaka nimeungua shavu.
Muuza chipsi, Mbagala

JIBU: Acha nyungu, mvuke hauponyi mishipa ya kunusa, na umeshakuunguza. Harufu kupinda hivyo mara nyingi hutokea wakati mishipa hiyo inajijenga upya. Kuna mazoezi ya pua yaliyochapishwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 2009, yakitumia harufu za waridi, limau, karafuu na mkaratusi, na utaona kwamba karafuu na limau unavipata sokoni hapo kwako. Nusa kila kimoja taratibu kwa sekunde kumi hadi ishirini, asubuhi na jioni, huku ukikumbuka kilivyokuwa kikinukia zamani, kwa muda usiopungua wiki kumi na mbili. Wakati huo mwombe mtu mwenye pua nzima anuse mafuta na nyama kabla hujawauzia wateja, na kila jioni hakikisha kwa macho na mikono kwamba mtungi wa gesi umefungwa.