Kabla Hujabishania Mpiga Kinanda Bora wa Roki, Sikia Aibu Iliyonipata Kirumba

Jumamosi mbili zilizopita, baada ya mazoezi ya kwaya, tulikaa wapiga muziki saba kwenye kijiwe cha kahawa pale Kirumba, Mwanza, si mbali na mwalo, tukabishana karibu saa mbili kuhusu nani anastahili kuitwa mpiga kinanda mkubwa kuliko wote katika muziki wa roki. Nilishindwa. Ningeshindwa kwa hoja ningevumilia, lakini nilishindwa kwa sikio, na aliyenishinda ni kijana ambaye mimi mwenyewe nilimshika vidole nikamwonyesha do ilipo. Ninaandika haya kwa sababu ninajua kwamba wewe unayesoma ni mpiga kinanda, au unatamani kuwa, na ipo siku utakaa kwenye kijiwe kama kile ukiwa na uhakika kama niliokuwa nao mimi.

Mtu wangu alikuwa Rick Wakeman wa kundi la Yes. Nilimpenda tangu nilipoona picha zake za miaka ya 1970, amevaa joho refu linalometa, amezungukwa na vinanda pande zote kama mfanyabiashara aliyekaa katikati ya bidhaa zake. Kwa mtu aliyejifunzia kinanda kimoja cha kanisa chenye vitufe viwili visivyolia, picha ile ilikuwa ndoto kamili. Niliwaeleza wenzangu kwamba alisoma Royal College of Music ya London akaondoka kabla ya kumaliza kwa sababu kazi za studio zilimzidi, kwamba piano inayosikika katika "Life on Mars?" ya David Bowie ni yake, na kwamba mwaka 1973 alitoa albamu nzima ya vinanda kuhusu wake sita wa mfalme Henry wa Nane. Hayo yote ni kweli na siyafuti. Kosa langu lilikuwa kuendelea kusema.

Nilisema, tena kwa sauti ya mtu anayefundisha, kwamba Jon Lord, mpiga kinanda wa kundi la Deep Purple, alikuwa mjazaji tu wa nafasi nyuma ya gitaa la Ritchie Blackmore. Kijana yule hakunibishia. Alitoa simu, akaiunganisha na spika ndogo ya muuza kahawa, akaweka "Space Truckin'", wimbo wa mwisho katika albamu ya Machine Head ya mwaka 1972. Ukaanza na mngurumo mzito wenye mikwaruzo. Nikanyoosha kidole kuielekea spika.

"Haya, mmesikia? Hilo ndilo gitaa ninalolisema. Sasa kinanda kiko wapi?"

"Mwalimu," akanijibu kwa upole ulioniuma kuliko kicheko kilichofuata, "hicho ndicho kinanda."

Walicheka wote. Muuza kahawa, ambaye roki haimhusu hata kidogo, naye alicheka mpaka akaweka birika chini. Nilisingizia kwamba nimechelewa daladala ya Igoma, nikaondoka bila kumaliza kahawa yangu. Mtu wa miaka kumi na tisa kwenye kinanda cha kanisa, aliyepiga harusi zisizohesabika, ameshindwa kutofautisha kinanda na gitaa mbele ya wanafunzi wake.

Usiku ule sikulala mapema. Nilitafuta nyimbo zile, nikavaa spika za masikioni, nikazisikiliza moja baada ya nyingine, na hapo ndipo nilipoelewa sikio langu lilidanganywa na nini. Ogani ya Hammond hutoa sauti kwa magurudumu madogo ya chuma yanayozunguka karibu na sumaku zilizozungushiwa nyaya, na kwa kawaida sauti hiyo hupitishwa kwenye spika ya Leslie, ambayo ndani yake kuna pembe inayozunguka, ndiyo maana unasikia ile sauti inayotetemeka na kuyumba kama katika makanisa ya Wamarekani weusi. Lord aliichukua Hammond yake ya C3 akaipitisha kwenye amplifaya za Marshall, zilizozoeleka kwa magitaa, ili asimezwe na Blackmore. Sauti ikapasuka, ikapata meno. Katika "Highway Star" ya albamu hiyohiyo, solo ya kinanda inatangulia na ya gitaa inafuata. Na mtu huyo niliyemwita mjazaji ndiye aliyetunga kazi ndefu ya bendi pamoja na okestra, iliyopigwa Royal Albert Hall mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane. Mimi katika umri huo nilikuwa bado ninaomba ruhusa ya mwalimu wa kwaya kubadili kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ya pambio.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: sikiliza kabla ya kusema. Usisikilize kwa spika ya simu. Sikiliza kwa makini.

Ushauri wa pili ni kwamba mtaje kipimo kabla ya kutaja majina. Sisi tulibishana saa mbili huku kila mmoja akipima kwa kibaba chake: mmoja kasi ya vidole, mwingine wingi wa vinanda, mwingine idadi ya albamu zilizouzwa. Sasa hivi mimi ninatumia kipimo kimoja tu. Ondoa kinanda katika wimbo, kisha uulize ni nini kilichobaki.

Kwa kipimo hicho, Ray Manzarek wa The Doors anapanda juu mno. Jukwaani kundi lile halikuwa na mpiga besi. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye ogani ya Vox Continental na wa kushoto kwenye kinanda kidogo cha besi cha Fender Rhodes. Studio mara nyingi waliajiri mpiga besi, hilo ninalikubali, lakini mbele ya watu ukimwondoa Manzarek umeondoa wawili. Jambo hili ninalijua kwa mwili wangu. Mpiga besi wetu alipohamia Dar es Salaam, nilibeba besi kwa mkono wa kushoto miaka mitatu, na ilipofika nyimbo za sadaka kiganja kilikuwa kimekufa ganzi. Siku tulipompata mpiga besi mpya nilidhani nitapewa japo neno la asante. Kiongozi mmoja alisema amefurahi kwamba "hatimaye besi imesikika". Nimesamehe, lakini sijasahau.

Richard Wright wa Pink Floyd hakuwa na haraka hata kidogo, na kodi zake za piano katika "The Great Gig in the Sky" ya 1973 ndizo zinazoshikilia wimbo wote. Keith Emerson wa kundi la Emerson, Lake & Palmer alikuwa akichomeka visu kwenye Hammond ili vitufe vibaki vimeshikwa, na vijana humtaja kwa visu hivyo kuliko kwa muziki, jambo ambalo si haki kwake.

Kisha yuko Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Katika ubishi wowote wa namna hii nchini kwetu atatokea mtu wa kusema, "Mnahangaika na Waingereza wakati wetu yupo?" Ni kweli, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na piano ya "Bohemian Rhapsody" ya 1975 aliipiga mwenyewe, tena vizuri. Ninajivunia kama Mtanzania mwingine yeyote. Hata hivyo ukubwa wake uko kooni, na katika orodha ya vinanda simpi nafasi kwenye tano zangu. Ndugu yetu mmoja wa Unguja alininunia kwa kauli hiyo, na alikuwa wa kwanza kucheka lilipotokea lile la gitaa.

Na ninyi vijana wa makanisa ya Mwanza, niruhusuni niseme wazi. Mmeigeuza ibada kuwa mashindano ya mbio. Kipindi cha sifa kikianza mnamwaga noti mpaka mwimbaji hasikiki, kisha mnageuka kuangalia nani amewarekodi. Mnajua majina ya vinanda vya bei mbaya kuliko mnavyojua kodi. Sikilizeni! Nilidharau kusikiliza, nikalipwa hadharani kwa sarafu yangu mwenyewe.

Jumatano nilimwandikia kijana yule orodha yangu mpya: Lord, Manzarek, Wright, Emerson, Wakeman. Iliniuma kuliandika jina la Wakeman mwishoni, nikalifuta mara mbili kabla ya kutuma. Alijibu baada ya dakika chache: "Shikamoo mwalimu, asante sana. Na Billy Preston je? Yule si mtu wa kanisani kama sisi?"

Sijamjibu. Nimeisikiliza "Get Back" ya Beatles siku tatu mfululizo, ile ya 1969 ambayo jina la Preston liliandikwa kwenye sahani pamoja na la kundi lenyewe, na kila nikifika kwenye solo yake ya piano ya umeme ninairudisha nyuma.