Fimbo Mpya ya Gofu kwa Mchezaji wa Hendikapu 24: Maneno kwa Wadogo Zangu wa Daraja C

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa barazani baada ya mashimo tisa ya kwanza, nikinywa chai, nilipomwona kijana mmoja wa daraja C, lile la wachezaji wa chini, akishusha garini begi lenye seti mpya ya aironi, yaani fimbo za chuma, nailoni ikiwa bado imefunika vichwa. Nilimpongeza, kwa kuwa adabu inataka hivyo, kisha nikaomba kuziona. Zilikuwa bledi, aironi za uso mwembamba zinazotaka mpira upigwe katikati kabisa, zenye shafti (mipini) ngumu za alama S, na mwenyewe alikuwa amenieleza wiki mbili kabla ya hapo, kwa furaha iliyo halali kabisa, kwamba ameshuka hadi hendikapu 24, yaani mikwaju anayopunguziwa kwenye kadi, ambayo ikipungua ndipo mchezaji anakuwa bora. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Kwa kuwa siwezi kumsindikiza kila mmoja wenu hadi dukani, nimeamua kuyaandika haya mara moja, na atakayenunua bledi baada ya kuyasoma asije kunilalamikia kwenye shimo la nne.

1. Usinunue fimbo katika mwezi ambao umeshinda kitu.

Hili nalijua kwa gharama yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na hendikapu 24 hiyo hiyo, nilirudisha kadi ya mikwaju 88 katika mashindano ya mwezi, neti 64 baada ya kutoa hendikapu, nikapewa blenda mbele ya watu. Siku ile kila mpira uliogonga mti ulirudi uwanjani, na putti (mipigo ya kuviringisha mpira shimoni) za futi ishirini ziliingia kana kwamba shimo lilikuwa na deni nami. Lakini mimi sikuona bahati, niliona kipaji kilichokuwa kimecheleweshwa na fimbo za kuazima. Wiki iliyofuata nikasikia kwamba mchezaji mmoja wa hendikapu 4 anahama nchi na anauza aironi zake, bledi za kufuliwa, namba tatu hadi weji (fimbo fupi ya mipira ya karibu), shilingi milioni 1.8. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa mkopo wa SACCOS uliochukuliwa kwa ajili ya mabati ya banda la kuku. Nilipofika nyumbani na begi, mke wangu alizitazama zile fimbo moja baada ya nyingine, akauliza kwa upole kabisa, “Haya ndiyo mabati?”

Zilikuwa nzuri, na nakiri kwamba hadi leo sijaona kitu kinachokaa vizuri nyuma ya mpira kama bledi, uso mwembamba usio na kitambi, ambao ukiutazama kutoka juu unajiona wewe mwenyewe ni mchezaji wa kulipwa. Tatizo lilianza mpira ulipopigwa. Asubuhi za Juni hapa Arusha mnazijua zilivyo, umande mzito na vidole vimekufa ganzi. Ukipiga bledi kwa ncha katika baridi ile, maumivu yanapanda hadi kwenye kiwiko na kukaa humo kwa mashimo mawili. Nilicheza nazo miezi kumi na moja. Hendikapu ilipanda kutoka 24 hadi 29, na katika muda huo nilibadilisha mwalimu, nikabadilisha viatu, nikaulaumu uwanja kwa kukata nyasi fupi mno, nikasimulia watu kwamba nina tatizo la mgongo. Sikuzilaumu fimbo hata mara moja, kwa sababu kuzilaumu kungenirudisha kwenye swali la mabati.

Aliyenifungua macho alikuwa kedi wangu, mbeba begi langu, mzee mmoja mpole ambaye, kama nilivyokuja kugundua baadaye, alikuwa kwa miezi mingi akinipa namba sita, ambayo hupeleka mpira mbali zaidi, kila nilipoomba ushauri kwenye umbali wa namba saba, akisingizia upepo. Siku moja, kwenye shimo la yadi 140 lenye korongo mbele ya griini (eneo la nyasi fupi lenye shimo), nilikataa ushauri wake nikachukua saba, nikatumbukiza mipira mitatu. Hakusema neno. Alilowesha taulo, lakini badala ya kuufuta uso wa fimbo kama kawaida alinigeuzia niutazame. Upande wa ncha palikuwa na doa la udongo na majani lenye ukubwa wa sarafu, na chini yake chuma kilikuwa kimeanza kupauka kwa vipigo vya miezi yote ile. Katikati, pale ambapo bledi hutaka mpira upigwe, pamebaki paking'aa kama sahani ya harusi. “Bosi,” akasema, “hapa hapajaguswa tangu uzinunue.”

Niliziuza kwa shilingi laki saba. Kwa laki sita na nusu nikanunua kaviti, aironi zenye mgongo uliochimbwa, zilizokwisha kutumika miaka minane, zenye soli pana na uzito uliosogezwa pembeni mwa kichwa ili mpira ukipigwa kwa ncha uso usigeuke sana, na mwaka mmoja baadaye nilikuwa na hendikapu 19. Sikuwa nimejifunza kupiga katikati, bali nilikuwa nimepata fimbo inayonisamehe nisipopiga katikati, na kwa mtu wa daraja letu hicho ndicho kitu cha kwanza cha kulipia.

2. Kabla ya kwenda dukani, bandika plasta ya dukani kwenye uso wa namba saba uliyonayo, piga mipira ishirini, na upige picha alama zake. Hiyo picha ndiyo umwonyeshe muuzaji, wala si kadi ya neti 64.

3. Soma lofti, yaani pembe ya uso wa fimbo, ambayo ikiwa ndogo mpira huenda chini na mbali; usisome namba.

Aironi nyingi za kisasa zinazotengenezwa kwa ajili yetu zina namba saba yenye lofti ya nyuzi 28 hadi 30, wakati namba saba ya zamani au ya bledi huwa karibu na 34 au 35. Kwa maneno mengine, mdogo wangu anayejisifu kwamba seti mpya imemwongezea yadi kumi na tano ameuziwa namba tano au sita iliyochorwa saba. Hilo si dhambi, kwa kuwa vichwa hivyo hunyanyua mpira vizuri hata kwa lofti ndogo, lakini mkia wa seti ndio unaoumia: weji ya pitchi, ya mwisho katika seti, inakuwa na nyuzi 43 au 44, nawe bado umebeba weji ya mchanga (ya kutolea mpira mchangani) ya 56 uliyorithi kwa shemeji. Katikati ya fimbo hizo mbili pana pengo la nyuzi kumi na mbili au kumi na tatu, na mimi nimeshuhudia mtu mzima akisimama yadi 90 kutoka griini, hana mti mbele yake wala upepo, akiwa hana fimbo ya kutumia. Nunua weji ya nyuzi 49 au 50 siku hiyo hiyo unayonunua seti.

Na umbali wenyewe uupime kwa akili. Sisi tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unakwenda. Mara ya kwanza nilipoteremka kucheza Lugalo, Dar es Salaam, nilikuwa nimeandika umbali wa kila fimbo kwenye kijikaratasi, na hadi shimo la sita nilikuwa nimeutembelea mchanga wa mbele ya griini mara nne kwa fimbo niliyoamini kuwa sahihi. Kinachosafiri nawe kutoka uwanja hadi uwanja ni mpangilio wa mapengo kati ya fimbo na fimbo. Yadi zenyewe hubaki Arusha.

4. Shafti: kama namba saba yako inabeba yadi 130, huna haja ya S. Herufi hizo hazina kipimo kimoja, na R (ya kawaida) ya kampuni moja yaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine, hivyo piga kwanza ndipo uamini herufi. Wauzaji nao waache kumpa kila mwanamke shafti ya L (laini, ya wanawake) bila kumwona akipiga. Tunaye dada mmoja wa daraja B ambaye draiva yake, fimbo ya kupigia mbali zaidi, hunipita kwa yadi ishirini, na aliwahi kuuziwa fimbo laini kama fimbo ya kuvulia samaki kwa sababu tu muuzaji alitazama hereni zake.

5. Draiva ya nyuzi 9 waachieni wanaolipwa. Chukua 10.5, au hata 12, maana lofti ikiongezeka mpira hupunguza kukata kwenda kulia, na nyote mnajua ni nani anayeishi kulia kwa shimo la pili.

6. Namba tatu na nne za aironi hazihitajiki, wekeni hibridi, fimbo za kichwa kinene zinazonyanyua mpira kwa urahisi zaidi. Ila hesabuni. Sheria inaruhusu fimbo 14, na rafiki yangu mmoja aliyenunua hibridi mbili akasahau kutoa aironi alizozibadilisha alifika shimo la tatu akiwa na fimbo 16. Adhabu katika mchezo wa mikwaju ni mikwaju miwili kwa kila shimo lililochezwa hivyo, isiyozidi minne kwa raundi, kwa hiyo yeye alilipa yote minne na akakosa zawadi kwa mikwaju mitatu. Zawadi ilikuwa blenda. Nilimwazima yangu.

7. Urefu wa mtu hautoshi kuamua urefu wa fimbo. Pimeni kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, kisha tazameni soli baada ya vipigo kadhaa ili kuona kama inachubuka upande wa kisigino au wa ncha.

8. Mtumba si aibu, na kwa mtu ambaye mpigo wake utabadilika ndani ya miaka miwili ndio uamuzi wa busara zaidi. Ogopeni bandia tu. Draiva inayodaiwa kuwa ya titani ikigusishwa sumaku usoni na sumaku ikanasa, mrudishieni mwenyewe kwa heshima na muondoke.

Jumamosi hii nitakuwa kwenye uwanja wa mazoezi kuanzia saa moja asubuhi, nikiwa na plasta, kaviti zangu na kikapu cha mipira. Yule kijana wa bledi aje na risiti, na ile nailoni, kama bado hajaitoa, aiache palepale.